Siku moja maishani mwangu: nyuma ya kaunta ya famasi, Muheza

Saa 1:30 asubuhi

Kabla ya kuuza chochote nasoma vipimajoto. Cha ukutani hakitakiwi kuvuka nyuzi 30. Cha kwenye friji ya insulini lazima kiwe kati ya nyuzi 2 na 8. Naandika namba zote mbili kwenye daftari. Umeme ukiwa umekatika usiku, friji ndiyo naikimbilia kwanza, na hata ukiwepo nahakikisha haijagandisha, kwa sababu insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Huku Muheza joto na unyevu vinaharibu dawa taratibu bila mtu kujua. Usiweke vidonge dirishani wala karibu na jiko, na usivitoe kwenye karatasi yake mpaka unapovimeza.

Saa 3 asubuhi

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nipe diklo, kiuno kimenikamata tangu juzi."

Sijagusa rafu, namuuliza swali ninalomuuliza kila anayesimama mbele yangu: unatumia dawa gani nyingine? Anasema hamna. Nikalirudia kwa namna nyingine: "Asubuhi hii umemeza nini?" Akatoa mfuko mdogo wa nailoni. Ndani mna losartani na haidroklorothiazidi. "Hivi ni vya presha tu," akasema. Wengi ndivyo wanavyojibu: dawa ya kila siku imeshakuwa sehemu ya maisha, hawaihesabu tena kuwa dawa.

Nilimwekea kiti, maana jambo hili halielezwi kwa haraka. Mwili ukiumia hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huleta maumivu, joto na uvimbe. Diklofenaki na ibuprofeni huzuia utengenezaji wake, na ndiyo maana maumivu hutulia. Lakini prostaglandini hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi, na ndizo zinazosaidia damu kuingia kwenye figo. Dawa haichagui ya kiuno ikaacha ya tumbo. Hata sindano ya diklofenaki, ambayo watu huiomba wakiamini haigusi tumbo, hupita kwenye damu na kufanya kazi ileile.

Sasa tazama figo za mzee huyu. Losartani hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye chujio la figo. Haidroklorothiazidi hupunguza maji na chumvi mwilini. Ukiongeza diklofenaki, mshipa wa kuingizia damu nao unabana. Mlango wa kuingilia umebanwa, wa kutokea uko wazi, na chenyewe kinachopita kimepungua. Figo zinaweza kushindwa kazi ndani ya siku chache, hasa kwa mtu wa umri wake anayeshinda juani shambani bila kunywa maji ya kutosha. Juu ya hayo, diklofenaki hupandisha presha ambayo vidonge vyake vinahangaika kuishusha.

Nikampa parasetamoli. Nikawa namwandikia kwenye bahasha, ndipo akakumbuka kwamba nyumbani ana vidonge vya mafua, anakunywa usiku apate usingizi. Nikachukua pakiti ya aina hiyo rafuni, nikamwonyesha kwa kidole maandishi madogo ya pembeni: parasetamoli mg 500. Iko kwenye dawa nyingi za mafua, na kuna hata vidonge vya diklofenaki vilivyochanganywa nayo. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya mg 500, kutoka pakiti zote kwa jumla. Ini ndilo linaloivunja, na katika kuivunja hutokea sumu kidogo ambayo ini huizima. Dozi ikizidi, kile cha kuizimia kinakwisha na sumu inaanza kula ini lenyewe. Ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza mtu anaweza kujisikia mzima kabisa. Ukijua umezidisha, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa ya kuzuia madhara hufanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema.

Mzee nilimwandikia vidonge 2 mara tatu kwa siku, vile vya mafua aviache, na miguu ikianza kufa ganzi asirudi kwangu, aende hospitali.

Saa 5 asubuhi

Mama mdogo kiumri, mtoto mgongoni, cheti cha zahanati mkononi: kipimo cha malaria kimesoma chanya, mtoto ana kilo 12. Hapa moyo wangu hutulia, kwa sababu amepima kwanza. Homa peke yake si malaria.

Dawa mseto ya ALu, ambayo Tanzania ilianza kuitumia kama tiba ya kwanza mwaka 2006, ina dawa mbili zinazosaidiana. Atemetha, yenye asili ya mmea wa pakanga, huua vimelea vingi kwa haraka, na homa hushuka. Lumefantrini hubaki mwilini siku kadhaa ikimalizia vilivyobaki. Ndiyo sababu mtoto akichangamka siku ya pili bado kazi haijaisha, na vidonge vilivyobaki si akiba ya mdogo wake.

Kwa uzito wake ni kidonge 1, mara 6. Cha kwanza tulimpa palepale. Cha pili baada ya saa 8, yaani saa 1 usiku. Kuanzia kesho, saa 5 asubuhi na saa 5 usiku kwa siku mbili. Niliandika saa zenyewe kwenye boksi, sikuandika "1x2" (kimoja mara mbili kwa siku), kwa sababu pengo la dozi ya kwanza na ya pili ndilo watu hulikosea. Na ameze pamoja na chakula chenye mafuta: maziwa, au uji wa karanga. Lumefantrini haifyonzwi vizuri tumbo likiwa tupu.

Ya homa alipewa sharubati ya parasetamoli, na kikombe chake cha kupimia. Vijiko vya nyumbani havilingani, kimoja kinabeba mililita 3, kingine 7.

Saa 7 mchana

Foleni. Metformini ya kisukari, pamoja na chakula. Omeprazoli ya kupunguza asidi tumboni, nusu saa kabla ya kula. Glibenklamaidi kwa bibi ambaye siku nyingine hali mchana: bibi, usipokula usiimeze, sukari itashuka uanguke, kisha mwambie daktari wako ratiba yako ya chakula ilivyo.

Saa 10 jioni

Kijana wa bodaboda ana mafua, anataka amoksilini, "vinne tu, vya kukata". Amoksilini huvunja ukuta wa bakteria. Virusi vya mafua havina ukuta huo, kwa hiyo hakuna cha kuvunja. Vidonge vinne vingeua bakteria dhaifu tumboni mwake na kuwaachia nafasi walio sugu, na siku akipata nimonia kweli, dawa ingeweza kumgomea. Sikumuuzia. Aliondoka amekasirika, na nilisikitika kumwona anaelekea duka la ng'ambo ya barabara.

Saa 12 jioni

Dada mmoja alisubiri watu wapungue, akanong'ona: "P2." Sikumuuliza habari za mtu. Nilimuuliza muda uliopita, na swali langu lilelile la dawa nyingine. Vidonge hivi vya dharura vya kuzuia mimba, vya levonogestreli, huchelewesha yai kutoka. Vimezwe ndani ya saa 72, na kadiri vinavyowahi ndivyo vinavyosaidia zaidi. Havitoi mimba iliyokwisha tunga. Akasema anatumia dawa za kifua kikuu. Hapo swali lilijilipa, kwa kuwa rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hulifanya ini livunje homoni hiyo haraka, nguvu yake ikapungua. Nikamweleza kwamba kitanzi cha shaba, kikiwekwa ndani ya siku 5, hakiathiriwi na dawa hizo, na nikampigia muuguzi wa uzazi wa mpango ampokee kesho asubuhi na mapema.

Saa 1:20 usiku

Simu. Mama wa yule mtoto: amempa cha pili saa 1 kamili, hazijapita dakika 10 katapika chote. Nikamwambia amtulize, ampe maziwa kidogo, kisha arudie kidonge kizima, kwa sababu kilichotapikwa ndani ya nusu saa hakijaingia mwilini. Kingine cha kufidia atachukua kwangu kesho asubuhi, dozi isipungue. Akitapika na hicho, akigoma kunyonya, akilegea au akipata degedege, asinipigie simu mimi: apande pikipiki, aende hospitali usiku huohuo.