Siku moja na jengo ambalo bado halina tofali hata moja

Saa 11 alfajiri. Nimeamka kabla ya simu kulia. Mimi ni mbunifu majengo hapa Dar es Salaam, na kwa miezi minne sasa nimeshughulika na kazi moja tu: jengo la madarasa la ghorofa nne, la chuo kikuu kimoja jijini. Leo alasiri kamati ya ujenzi inaamua jengo litazame wapi. Wao wanataka uso mrefu wa vioo uelekee barabarani, yaani magharibi. Mimi sitaki, na nimelala na jambo hilo.

Saa 1 asubuhi niko saiti. Umande bado haujakauka. Mzee anayetunza bustani za chuo kanikuta nikizunguka na tepu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mnapima tena?"

Nikamweleza jengo litaanzia wapi na kuishia wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akanipeleka nyuma ya mwembe mkubwa na kufagia majani kwa mguu. Chini yake palikuwa na mchanga laini uliojipanga mistari mistari, kama ufukweni bahari inapokupwa. "Masika, maji yote ya kule juu yanapita hapa. Ukipaziba, yatakuja kukaa ndani kwako."

Ramani yetu ya upimaji ilichukuliwa kiangazi na haionyeshi kitu. Nikapima: njia ya maji ina upana wa mita 3 na ushee, na inakata kona ya jengo langu ya kaskazini-mashariki. Nikapiga picha, nikaandika, nikamshukuru mzee kwa mikono miwili. Miezi minne ya michoro, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Saa 4 ofisini, naandaa maelezo ya kamati. Kila kikao huulizwa kwa nini tusifanye kama Nairobi. Swali ni zuri, maana wenzetu wamefanya kazi ya kuheshimiwa. Chuo Kikuu cha Strathmore kina majengo yanayopozwa kwa hewa iliyopitishwa kwenye maji, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki kina maktaba ambayo ukumbi wake hupata hewa iliyopita kwanza kwenye tabaka la mawe chini ya ardhi. Lakini Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Usiku kuna baridi, mawe yanapoa, na asubuhi yanakuwa na ubaridi wa kutoa. Kwetu Februari usiku wa manane bado unatoka jasho. Mawe yatapoa saa ngapi? Na hewa yetu imeshajaa unyevu wa bahari. Ukiiongezea maji, unamwongezea mwanafunzi jasho tu. Pwani tulichopewa ni upepo, kusi na kaskazi, na kivuli. Jengo liwe jembamba, madirisha pande mbili yatazamane, upepo uingie huku utokee kule.

Saa 7, wali maharage mezani huku naongea na mhandisi wa miundo. Nguzo zinaweza kusogea mita 4 kuipisha njia ya maji, na mwembe utabaki.

Saa 9 alasiri. Nilikuwa nimemwomba mwenyekiti kikao kisifanyikie ukumbi wa utawala wenye viyoyozi, bali darasa la ghorofa ya pili kwenye jengo la zamani linalotazama magharibi. Alikubali. Tulipoingia, vioo vilikuwa vimebandikwa magazeti kwa gundi ya karatasi, mengine yameshakuwa ya kahawia kwa jua. Wanafunzi ndio wameyabandika. Taa zote zinawaka mchana kweupe, na kipimajoto changu kinasoma nyuzi 34. Profesa mmoja alivua koti kabla sijafungua mchoro.

Nikawaeleza hivi. Dar iko kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la saa 6 mchana huwa upande wa kaskazini tangu mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kisha huhamia kusini, lakini mwaka mzima liko juu sana. Upenu wa mita 1.5 unatia kivuli mita 2.6 za ukuta hata Juni 21, siku ambayo jua la adhuhuri liko chini kuliko siku zote za mwaka. Jua la magharibi huingia limelala, na hakuna upenu unaolizuia. Kwa hiyo kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na upande wa barabarani tuweke ngazi, vyoo na stoo, vipokee jua kwa niaba ya madarasa.

"Sasa wageni wataona vyoo?" mwenyekiti akauliza.

Hapana. Wataona ngazi pana, lango, na ukuta wa tofali za matundu. Mkadiriaji majenzi akaongeza kwamba vioo tulivyopunguza vinatosha kulipia matangi ya maji ya mvua. Paa ni mita za mraba 900: kila milimita moja ya mvua ni lita 900, na mvua ya milimita 10 ni lita 9,000 za kusafishia vyoo bila kugusa maji ya kununua. Mama wa idara ya fedha akarudia hesabu hiyo kwenye simu yake, akatikisa kichwa kukubali.

Wamekubali tuligeuze jengo. Kuhusu viyoyozi vya ofisi za ghorofa ya nne hatujamaliza. Mabishano hayo yamesogezwa wiki ijayo.

Saa 1 usiku bado niko kwenye foleni ya Morogoro Road.

Saa 3 usiku, mchoro mpya uko tayari. Njia ya maji ya mzee nimeichora kwa rangi ya bluu na kuiachia mita 5, na pembeni nimeandika: isijengewe. Mpima anakuja kesho saa 2 asubuhi. Nimemwandikia aanzie pale kwenye mwembe kabla hajapiga kigingi chochote, na nimemwomba mzee awepo.