Ninavyobadili kura ya kufuta makala bila kuvuruga mjadala

Kwenye Wikipedia ya Kiswahili, kura za «Futa» ambazo nimelazimika kuzibadili zilitokana hasa na tahajia. Makala inahusu mtaa au kaunti ndogo ya Uganda, natafuta jina kama lilivyoandikwa, sipati chanzo, napiga kura. Kumbe jina lina sura mbili: Ggaba na Gaba, Bbunga na Bunga, Kyaddondo na Kyadondo. Kiganda hukaza konsonanti na kuiandika mara mbili, ila ramani na hati nyingi huacha herufi moja. Sasa natafuta tahajia zote mbili, kisha napekua ripoti ya sensa ya 2014.

Nikigundua nimekosea, kura ya zamani siifuti. Wenzangu wameshaijibu, na nikiiondoa majibu yao hayaeleweki tena. Naikata kwa mstari: nafungua msimbo wa ukurasa wa mjadala, naweka <s> kabla ya neno Futa na </s> baada yake. Ule mkwaju (/) wa alama ya pili ndio unaosahaulika, na ukikosekana mstari unaweza kukata hata kura za watu walio chini yako. Maelezo yakiwa na mistari kadhaa, kila mstari unahitaji alama zake.

Chini yake naandika Ibaki, na mara moja nataja kilichonigeuza: chanzo gani, ukurasa wa ngapi. «Nimebadili mawazo» pekee haimsaidii mkabidhi, yaani msimamizi wa wiki, atakayefunga mjadala, kwa kuwa anapima hoja. Namalizia kwa alama ya ~ mara nne, inayoweka jina na saa. Saa hiyo ni ya UTC, yaani saa ya kimataifa, saa tatu nyuma ya Kampala, kwa hiyo usishtuke.

Kama kuna aliyeandika «naungana na» mimi, lazima nimwarifu, maana kura yake ilisimama juu ya hoja niliyoiacha. Namtaja kwa kiungo cha jina lake la mtumiaji katika hariri ileile ninayoweka sahihi. Ukisahau sahihi ukaiongeza baadaye peke yake, taarifa haimfikii; andika ujumbe mpya na uutie sahihi.

Makala ikiwa imeshafutwa, namwandikia mkabidhi aliyeifuta na kumpa chanzo. Wakabidhi wanaweza kuirudisha pamoja na historia yake yote, hivyo hakuna haja ya kuiandika upya.