Lupasi kwenye ukoo wetu: kwa nini sikumpima binti yangu

Dada yangu alipoambiwa ana lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, mama aliuliza jambo moja tu: "Kaitoa kwangu?" Mama mkubwa alifariki akiwa bado kijana, viungo vimevimba, miguu imejaa maji. Mtaani walisema karogwa. Mimi nilikuwa namfikiria binti yangu, ndiyo kwanza amevunja ungo, umri ambao ugonjwa huu huanza kuwaandama wanawake. Katika kila wagonjwa 10, kama 9 ni wanawake.

Nikamkalisha mama na mjomba, tukaandika nani katika ukoo aliugua nini. Sikuuliza lupasi peke yake. Niliuliza tezi la shingo, baridi yabisi, mimba zinazoharibika mfululizo, maana magonjwa ya kinga ya mwili hupenda kukaa ukoo mmoja kwa sura tofauti. Mjomba alikumbuka mengi kuliko mama, jambo ambalo mama hakulipenda.

Daktari wa dada aliisoma karatasi ile yote. Akasema hakuna jeni moja ya lupasi. Zimeshajulikana sehemu zaidi ya 100 za vinasaba zinazohusika, na karibu kila moja huongeza hatari kidogo sana. Wapo watoto wachache wanaozaliwa bila protini iitwayo C1q, hao wengi huugua, ila ni nadra mno. Hata mapacha wa kufanana, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake hapati. Na mama asijibebeshe lawama, nusu ya vinasaba vyetu ni vya baba.

Nikaomba binti apimwe ANA, kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili zinazoshambulia mwili wenyewe. Daktari akaniuliza, "Ikitoka chanya, utafanya nini?" Baadhi ya watu wazima wenye afya huwa nayo, na ndugu za wagonjwa zaidi, wala hakuna dawa anayopewa mtu asiyeumwa. Maabara ya jirani na kwetu wangempima bila swali, alimradi pesa. Nikaacha.

Ninachofanya ni kuangalia: viungo vinavyokakamaa asubuhi kwa wiki kadhaa, vidonda vya mdomoni visivyouma, upele wa mashavuni baada ya jua, mkojo wenye povu. Mkojo nauwekea mkazo, kwa sababu baadhi yetu wenye asili ya Afrika tuna aina za jeni ya APOL1 ambazo, lupasi ikigusa figo, huziharibu haraka zaidi. Binti akipata homa tunapima malaria kama kila mtu. Majibu yakiwa safi na homa haiishi, namwambia daktari mapema kwamba mama yake mkubwa ana lupasi.