Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Maji ya Moto, Moshi

Saa 11 alfajiri, nyumbani Pasua. Kabla sijanawa uso nafungua simu nisome nyuzijoto za matenki. Nahudumia hoteli nne, dobi moja na kiwanda kidogo cha maziwa. Yote yako juu ya 58. Alhamdulillahi, nakunywa chai kwa amani.

Nikisema mimi ni fundi wa maji ya moto, watu wanafikiri nafunga zile hita za bafuni. Kazi yangu ni kuzima maboila ya dizeli na kuweka hitipampu, yaani pampu ya joto, mahali pake. Ukitaka kuielewa, nenda kashike mgongo wa friji lako. Ule uvuguvugu ni joto lililotolewa kwenye nyama na maziwa yaliyomo ndani. Mashine yangu inafanya hivyohivyo, ila yenyewe inachota joto kwenye hewa ya nje na kulitia kwenye maji. Umeme unazungusha feni na kompresa tu, ile inayosukuma gesi inayobeba joto. Ndiyo maana kwa uniti 1 ya umeme napata kama uniti 3 za joto. Lita 3,000 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 60 zinataka uniti 140 hivi za joto. Boila zima lisilo na matatizo litakunywa lita 17 za dizeli. Hitipampu itakula uniti 47 za Luku. Kila ninapofunga mashine naiandika hesabu hii kwa chaki ukutani, maana mwenye hoteli akisikia neno "umeme" anaona bili tu.

Saa 1 hadi saa 4 niko kiwanda cha maziwa na kijana ninayemfundisha kazi. Tunaosha koili, tunakaza nati, basi. Maziwa yanapashwa nyuzi 63 kwa dakika 30, hakuna purukushani.

Saa 5 simu inaita. Meneja wa hoteli moja ya vyumba 40, kule Shantytown.

"Mangi, maji yanapoa! Saa 11 jioni nashushiwa wageni 22 kutoka geti la Mweka, wanatoka mlimani Kilimanjaro. Siku sita hawajaoga. Nifanyeje?"

Tunapanda bodaboda. Tenki liko 41. Mashine inawaka, inanguruma dakika tatu, inajizima. Kioo kinasema presha ya gesi imezidi.

Naomba mnielewe hapa, kwa sababu hizi saa nne zilizofuata ndizo kazi yenyewe. Presha inapozidi, maana yake joto limebanwa: gesi imelibeba, lakini maji hayalipokei. Feni nzima. Chujio la mbele safi. Kijana anasema, "Kaka, labda gesi imejazwa nyingi." Namkatalia, mashine imefanya kazi tangu Machi bila tatizo. Meneja amesimama nyuma yangu na simu mkononi, kila dakika kumi: "Tuwashe lile la dizeli?" Boila bado lipo, tuliliacha kama akiba, lakini bomba lake la mafuta lilishatolewa, na hilo nimemwambia mara tatu. Kisha: "Umeme wenyewe huu si unakatika?" Namjibu huku nafungua skrubu kwamba tenki limevikwa koti, usiku mzima linapoteza nyuzi tatu tu, kwa hiyo umeme ukikatika kwa muda wa saa mbili mgeni hajui. Kisha: "Si uishushie basi iwe 45, ipumzike?" Hapo niliweka spana chini nikasimama. Bakteria wa lejonela wanastawi kwenye maji ya nyuzi 20 hadi 45, na mgeni anawavuta kwenye vitone vidogo vya maji ya bafu mpaka mapafuni. Tenki langu linalala 60. Hilo silishushi kwa mtu yeyote.

Akaondoka. Nadhani alikasirika.

Nikapima maji yanayoingia na yanayotoka. Siku zote tofauti ni nyuzi 5; leo 14. Yaani maji ni machache, yanapita polepole mno. Lakini pampu inazunguka! Nikazungushia waya wake kipimo cha ampea: ziko chini kuliko kawaida. Kijana akafurahi, akidhani ampea chache ni nafuu. Nikamwambia aweke sikio lake karibu na pampu. Pampu ya aina hii ikila kidogo, ujue haisukumi kitu, inavuruga maji yaleyale tumboni mwake. Kuna mahali pameziba. Wapi, sijui. Tumefungua viungio vinne, mikono inanuka kutu, na nimesahau kula.

Sijui ilikuwa saa ngapi, nane na kitu, mzee wa boila alipokuja. Aliliendesha boila la hapo miaka mingi, na nilipolizima hakunisalimia wiki nzima. Alijua nimekuja kumwondoa kazini. Leo yeye ndiye anayesoma nyuzijoto za tenki na kuziandika kwenye daftari kila saa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umefungua lile la nyuma ya stoo?"

"Lipi, mzee?"

Akanishika mkono. Nyuma ya stoo, chini ya magunia ya mkaa wa jikoni, kuna kifuniko cha bati, na ndani yake chujio la zamani la shaba kwenye bomba la kurudishia maji. Bomba hilohilo nililounganishia mashine yangu mwezi Machi bila kulifuata mpaka mwisho. Hilo ni kosa langu na nililikiri mbele yake. Tulipolifungua, wavu haukuonekana: magamba ya kutu ya ukubwa wa kucha, yamefungwana na nyuzi za katani, zile za kuzungushia kwenye meno ya bomba lisivuje. Jumamosi kuna kiwiko cha bomba kilibadilishwa na maji hayakumwagwa kwanza.

Saa 9 na robo mashine ikawaka. Dakika tatu zikapita, zikafika kumi, tofauti ikasimama kwenye 5. Kisha nikaenda kwa mama wa dobi, anayechota maji kwenye tenki hilohilo, kumwomba asimamishe mashine za kufulia mpaka jioni. "Fundi, una habari nina mashuka mangapi hapa?" Nilikuwa nayo. Akayaangalia mashuka yake, akasonya, akazima.

Pasi yake kubwa ya mashuka bado inataka mvuke wa nyuzi zaidi ya 150, na hilo hitipampu yangu haiwezi. Tunatafuta boila dogo la umeme kwa ajili yake. Nataka nifike huko, maana maji ya Rufiji sasa yanazungusha mitambo 9 yenye jumla ya megawati 2,115, na mimi naona uchungu kuchoma mafuta yaliyokuja na meli kwa ajili ya kunyoosha foronya.

Saa 11 kasoro, tenki liko nyuzi 55. Wageni wakafika saa 11 na dakika 20, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilikaa nyuma ya stoo, mkono juu ya bomba, nikasikia maji yakianza kukimbia ndani ya ukuta, chumba kimoja, viwili, kisha vyote.

Mzee akaandika kwenye daftari lake: 12.40, 53. Baadaye usiku akanitumia ujumbe: 60.

Kesho saa 2 narudi kulihamisha lile chujio lije upande wa mbele, mahali ambapo yeye mwenyewe atalifungua kwa spana moja.