Konda aliuliza mi nikanyamaza: safari ya kwenda alipouawa Llywelyn

Nianze na hela kwanza maana ndo iliyoniuma. Kuingia ngome ya Conwy huko Wales zaidi ya pauni kumi, Caernarfon hivyohivyo, chai ya kikombe cha karatasi pauni tatu na haina hata harufu ya tangawizi, halafu chumba tulichopanga dirisha halifungi vizuri, upepo wa baharini unapuliza usiku kucha, asubuhi mwenye nyumba ananiuliza umelalaje. Nimelala na koti mama, asante. Zidisha mwenyewe kwa shilingi uone kama usingizi ungekuja.

Tulikuwa wawili, mimi na dada yangu mtoto wa mama mdogo, yeye yuko Birmingham miaka mingi, mi nimekuja kusoma mwaka mmoja tu nirudi zangu Iringa. Huko kaskazini mwa Wales tulikaa siku mbili na sina mengi ya kusema, ngazi nyingi, magoti yanauma, picha tumepiga mpaka simu ikajaa. Conwy ngome ina minara minane na mji wenyewe umezungushiwa ukuta wenye minara 21, juu ya ukuta unatembea bure, hapo ndo nilishinda. Aliyejenga ni mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza, 1283 mpaka 1287, akaleta fundi mkuu kutoka Savoy anaitwa James wa St George, mji ukishaisha akapanga Waingereza ndani na wenyeji wakae nje. Na pale alipojenga mji palikuwa na monasteri aliyozikwa Llywelyn Mkuu, mtawala wa Wawelisi aliyekufa 1240. Edward akawaambia watawa fungasheni virago, wakahamishiwa Maenan huko bondeni, yeye akaendelea na ujenzi. Dada akasema huyu mzungu alikuwa na roho mbaya. Nikamwambia subiri, hujasikia aliyomfanyia mjukuu.

Mjukuu ndo aliyenipeleka. Llywelyn ap Gruffudd, mtawala wa Wales aliyeuawa 1282, huyu ndo wa safari yangu. Siku ya tatu dada akarudi kazini, mi nikaenda peke yangu Shrewsbury kuchukua treni ya behewa mbili inayokata katikati ya Wales kwenda Swansea, siku nzima zinapita kama nne tu. Nashuka Cilmeri, kijiji ambacho ukikohoa umeshakipita.

Sasa sikilizeni nilivyoumbuka. Treni ikatembea karibu saa mbili, milima ya kijani, kondoo, ukungu, manyunyu yale ya kulowesha bila kukuambia, nikasema hii si Mufindi hii, kilichopungua ni mashamba ya chai tu. Nimetulia dirishani nimeshika begi. Konda, mama mmoja mnene mchangamfu, akapita anauliza kuna mtu wa Kilmeri? Kilmeri? Mi kichwani nasubiri Silmeri. Kwangu C ikifuatwa na I ni S, ndivyo Kiingereza kilivyonifundisha. Nikamtabasamia, akatabasamu, akapita. Dakika chache baadaye naona kibao kinapita dirishani mbiombio kimeandikwa CILMERI na treni haijapunguza hata kidogo.

Kumbe stesheni zile ndogo treni haisimami mpaka abiria aombe! Jamani. Mimi! Mtu niliyekua napiga kelele shusha, shusha hapo kwenye mwembe, konda shusha, tangu niko darasa la tatu, nimekuja kupitilizwa kituo Ulaya kwa sababu nilijua wenzetu wana utaratibu. Nilikuwa nimekaa kistaarabu. Nikamkimbilia yule mama, akashika mdomo, akasema pole mpenzi wangu mbona niliuliza, na kweli aliuliza. Kituo cha mbele nacho kilikuwa cha kuomba, wakati namalizia kujieleza tukawa tumekipita nacho. Nikaja kushushwa Llanwrtyd, kama kilomita 18 mbele, treni ya kurudi mpaka zaidi ya saa tatu zijazo. Teksi nikapiga simu, mtu akataja pauni arobaini na tano, nikakata bila kuaga.

Nikakaa kwenye benchi nakula mkate wangu. Barabarani mbele ya macho yangu pameandikwa kwa rangi nyeupe ARAF, herufi kubwa kama gari. Mi moyo ukashtuka, nikasema Suratul A'raf hapa imefikaje, ile ya watu walio juu ya mnyanyuko kati ya peponi na motoni. Kumbe ni Kiwelisi, maana yake punguza mwendo. Ila nilivyokaa pale sina mbele sina nyuma niliona hata tafsiri ya madrasa inafaa.

Akaja mzee na pikapu, nyuma kuna mifuko ya chakula cha kondoo na mbwa mmoja aliyelowa. Akaniuliza nimepotea? Nikamwambia sijapotea, nimepitilizwa, naenda kwa Llywelyn. Nilivyolitamka hilo jina akacheka mpaka akashika usukani. Ile LL yao siyo L, unaweka ulimi kama unasema L halafu unapuliza hewa pembeni, kama mtu anapooza uji. Nikajaribu mara tano mbwa akaanza kubweka. Akasema panda.

Njiani ndo akaniuliza swali nililokuwa naliogopa, sasa wewe wa Afrika Llywelyn anakuhusu nini? Nikamwambia mzee mi natoka Iringa, kwetu Kalenga pale nje kidogo ya mji kuna makumbusho, ndani ya kabati la kioo kuna fuvu. Tulipelekwa na shule tukiwa wadogo, tumepanga foleni, mwalimu anasema msiguse kioo. Fuvu la Mkwawa, chifu wetu Wahehe. Aliwapiga Wajerumani Lugalo 1891, wakaja kulipiza Kalenga 1894, akakaa porini miaka mingine karibu minne wanamsaka, 1898 alipoona wamemkaribia akajipiga risasi mwenyewe, nao wakamkata kichwa wakakichukua. Nikamwambia niliposoma kwamba na huyu wenu walimkata kichwa wakakipeleka London nikasema lazima nifike.

Mzee akanyamaza kidogo. Halafu akaanza kusimulia yeye, polepole, na nakwambia alisimulia kama mtu anayeelezea kesi ya shamba la baba yake. Kwamba 1267 mfalme Henry wa Tatu, baba yake Edward, mwenyewe alikubali kwa mkataba kule Montgomery kwamba Llywelyn ni Mwanamfalme wa Wales, ila kwa deni la marki 25,000, hela ya enzi hizo (akasema hata heshima ilikuwa ya mkopo, tukacheka). Edward alipotawala akamtaka aje apige magoti, Llywelyn hakuja, Edward akamkamatia mchumba baharini, Eleanor, akamshikilia. Vita ya 1277 Llywelyn akashindwa, akabakiziwa kipande. Na kwenye vita hiyo mdogo wake wa damu, Dafydd, alikuwa upande wa Edward! Huyohuyo Dafydd 1282, Jumapili ya Matawi, akageuka akavamia ngome ya Hawarden, moto ukawaka, kaka mtu ikabidi aingie. Mwezi wa sita mwaka huo Eleanor akafa akijifungua mtoto wa kike. Tarehe 11 Desemba Llywelyn yuko huku kusini, ametengana na jeshi lake, ana watu wachache, askari mmoja akamchoma mkuki bila hata kumjua ni nani. Walikuja kumtambua ameshakufa.

Kichwa kikapelekwa kwa Edward, kikapelekwa London, kikavishwa taji la majani kwa kejeli, eti kulikuwa na utabiri kwamba Mwelisi atavikwa taji London, basi wakamvika. Kikachomekwa juu ya Mnara wa London. Dafydd alikamatwa mwaka uliofuata akaburutwa, akanyongwa, akakatwa vipande vinne Shrewsbury, mji uleule niliopandia treni asubuhi na kununua mkate, na mi nilikuwa nalalamika mkate ghali.

Mtoto, Gwenllian, hajafika mwaka, wakampeleka kwa watawa Sempringham, upande wa pili wa Uingereza, wakamfungia huko asije akaolewa akazaa mrithi. Alifia hukohuko 1337, ana miaka 54. Lugha ya baba yake hakuna aliyemfundisha. Hapa mzee alipunguza mwendo, labda kwa ajili ya kona, sijui.

Halafu akaniuliza, na nyie kichwa chenu mlirudishiwa? Nikajibu kwa kujigamba kabisa, ndiyo, 1954, ilikuwa imeandikwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles kwamba Wajerumani wakirudishe. Akasema mna bahati. Kisha akauliza, mlijuaje ni chenyewe?

Hapo nikawa mdogo. Maana ukweli ni kwamba Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alikwenda Bremen huko Ujerumani akakuta mafuvu mengi kwenye makumbusho, wakapimapima, akachagua moja lenye tundu la risasi, ndo likaja Kalenga akakabidhiwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wake. Nikamweleza hivyohivyo. Mzee akasema ahaa. Hakuongeza neno. Nikabaki nachungulia kondoo dirishani, nafikiria ile foleni yetu na mwalimu na kioo, na namna bibi yangu alivyokuwa akitaja lile fuvu kwa sauti ya chini kama mwenyewe yuko chumba cha pili.

Cilmeri yenyewe sasa. Jiwe moja refu la graniti limesimama juu ya kituta kando ya barabara, limewekwa 1956, nyasi zimelowa, mtu wa kukata tiketi hakuna. Bure! Kwa walioua unalipa zaidi ya pauni kumi na duka la zawadi unapitishwa, kwa aliyeuawa unaingia bure na hakuna hata choo. Kuna mashada ya maua yaliyonyauka, bendera ya joka jekundu imelowa imejikunja, maana kila tarehe 11 Desemba watu hukusanyika hapa. Ukishuka ngazi kidogo kuna kisima kidogo ambacho inasemekana ndo walikioshea kile kichwa kabla hakijasafirishwa. Nilichungulia. Maji masafi, majani makavu mawili yanaelea, na sarafu. Nikatupa peni kumi, sijui kwa nini, na hela ilikuwa inanibana hivyo.

Mzee alikuwa amebaki kwenye pikapu na mbwa wake, nikadhani ameondoka, kumbe ananisubiri aniambie jambo moja. Kwamba jina Wales limetokana na neno la Waingereza wa kale lenye maana ya wageni. Waliokuja kwa majahazi ndo waliwaita wenye nchi wageni. Wenyewe wanajiita Cymry, yaani wenzetu, watu wa kwetu. Na cheo cha Llywelyn, hicho cha Mwanamfalme wa Wales, Edward alikichukua akampa mwanawe 1301, na mpaka leo kinakwenda kwa mtoto wa mfalme wa Uingereza. Mtu umemkata kichwa na kofia yake unaivaa, alisema mzee, halafu akawasha gari. Nikamwambia diolch, neno pekee nililokuwa nimejifunza, ahsante. Akanisahihisha na hilo nalo.

Stesheni ya Cilmeri ni jukwaa moja na kibanda cha kujikinga mvua. Hakuna mtu. Manyunyu hayajaacha, viatu vinapiga chwachwa, nilishahesabu kwamba siku hii imenigharimu pauni thelathini na kitu kwa ajili ya jiwe moja. Karibu saa kumi na moja jioni nikaisikia treni inakuja kutoka Garth, kile kituo cha jirani tulichokipita asubuhi. Safari hii sikusubiri ustaarabu. Nikasogea mbele, nikanyoosha mkono wote nikaupungia juu chini kama niko Ipogolo nasubiri gari ya mjini, na kwa mdomo kabisa nikapiga kelele, simamaaa!

Ikasimama. Mlango ukafunguka, ni yule mama wa asubuhi. Akanitazama viatu mpaka kichwani, akasema, Kilmeri. Nikasema, Kilmeri.