Kukamua na kushikilia

"Lakini wewe ndiye uliyesema nikamue."

Tangu Jumapili maneno hayo ya Mjomba hayaniachi. Harusi ya Zuhura imepita salama, zamu za usiku zimerudi, na mimi bado nipo pale barazani, namtazama kautia mpira wa zoezi la kushusha presha kiganjani, jasho linamtiririka. Mara mia asubuhi, mara mia jioni, kwa nguvu zote.

Ni kweli nilisema "kukamua". Mtu aliyefuga ng'ombe maisha yake yote ukimwambia akamue, atakamua: bana, achia, bana, achia. Zoezi la presha si hilo. Unabana, kisha unashikilia hapo hapo, vidole havichezi. Dakika 2, pumzika dakika 1, raundi 4, siku 3 kwa wiki. Mwongozo wa presha wa Marekani wa 2017 unataja asilimia 30 hadi 40 ya nguvu za mtu. Yaani anayefikisha kilo 30 kwenye kipimo cha nguvu ya kiganja ashikilie kilo 9 hadi 12, basi. Asiye na kipimo abane kiasi cha kuweza kuzungumza bila kukunja uso. Ukibana kwa nguvu zote, dakika 2 huzimalizi. Utaziba pumzi, na pumzi ikizibwa presha inaruka papo hapo. Ndiyo maana nawaambia wagonjwa wahesabu kwa sauti. Anayehesabu anapumua.

Na si dawa ya kesho. Ni wiki 8 hadi 10 kabla namba ya juu ya presha haijashuka kidogo, na ukiacha zoezi inarudi ilikotoka. Vidonge vinaendelea. Aliye juu ya 180 kwa 110 aanzie kwa daktari, si kwa mpira.

Yote haya nilimweleza, mara mbili. Akanyamaza, akaubana mpira taratibu, akautazama.

"Kumbe kama kamba ya mbuzi. Humvuti, humwachii."

Miaka yote nawaeleza watu kwa asilimia! Jana nimemwambia mama mmoja habari ya kamba ya mbuzi, akashika sawasawa mara ya kwanza. Sijamwambia Mjomba, atataka alipwe.

Paa la jikoni bado linavuja, vuli hiyo inakuja, na fundi aliyechukua pesa ya mabati hapokei simu tangu Jumanne.