Diski za pamoja zilikuwa zinaganda, kumbe swichi ya mtandao

Wadau, hii ishu imenitesa siku tatu hapa Mtwara. Nilikuwa nawafungia jamaa wa korosho kule Shangani seva mbili zinazotumia stoo moja ya diski kwa iSCSI (njia ya kutumia diski kupitia mtandao), ping, yaani kile kijaribio cha kuona kama mashine zinafikiana, inapita, diski inaonekana kote kote, ila ukianza kukopi faili kubwa tu linaganda na seva moja inadhani mwenzake kafa. Nikalaumu chumvi ya bahari maana huku inakula mpaka bawaba, nikabadilisha nyaya zote, hamna kitu!

Jioni dogo mmoja akaniambia bro, hebu piga ping nzito. Nikaandika ping -M do -s 8972 (tuma baiti 8972 bila kuikata pakiti; ukiongeza baiti 28 za vichwa inakuwa 9000), kimyaaa. Nikashusha 1472 (na vichwa inakuwa 1500), ikapita fasta. Yaani seva na stoo nilishaziweka MTU (ukubwa wa juu wa pakiti moja) 9000 halafu swichi ya katikati bado iko 1500, pakiti kubwa zote inazitupa bila kusema neno.

Nikaiweka swichi 9216, mambo yakanyooka. Ila sikusevu hiyo setingi, umeme ukakatika ikarudi kulekule, nikaanza upya huku nimenuna. Sasa hivi nimesevu, nikachomoa nyaya ya seva moja makusudi, nyingine ikabeba kazi.